Mdomo wa Matano

Baba yangu, Halfani, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la nguo Iringa. Alikuwa na kigugumizi. Wateja walimtania: "Fundi, utamaliza kushona kanzu kabla hujamaliza kunisalimu!" Alicheka nao, kisha akainamia kazi.

Utotoni, akisoma Kurani chuoni pamoja na wenzake, hakukwama. Akisoma peke yake, alikwama. Mwalimu alimfundisha kuvuta pumzi na kuyaburuta maneno. Ikamfaa mwezi mmoja, kisha ikaisha nguvu. Ukubwani akagundua kwamba mguu ukikanyaga cherehani kwa mwendo mmoja, maneno hufuatana. Si kila siku, lakini siku nyingi.

Mojawapo ya siku hizo mama yangu, Mwantumu, aliyetoka Mbeya kumtembelea shangazi yake, alimletea kitambaa cha gauni. Baba alizungumza naye huku akikanyaga mpaka gauni likaisha. Mama hakujua lolote kuhusu kigugumizi chake.

Wazee wakaenda kuposa, wakakubaliwa. Ikabaki ndoa, mwaka 1956, ambapo angepaswa kusema mbele ya watu: "Nimekubali kumuoa Mwantumu binti Yunusu kwa mahari yaliyotajwa." Maneno mengi baba aliyakwepa, akikwama kwenye "mkasi" alisema "kile cha kukatia." Jina la mchumba halikwepeki.

"Nitalisema mwenyewe," alimwambia kaka yake, Matano. "Nikishindwa hili, nitasema nini tena maishani?"

Ndani ya basi alijizoeza, mguu ukigonga sakafu. Kutoka Iringa mpaka Uyole, mlangoni mwa Mbeya, hakukwama hata mara moja.

"Umepona, bwana!" Matano akamwambia.

Nyumbani kwa Mzee Yunusu, baba wa bibi harusi, walikaa mkekani, miguu imekunjwa. Sheikh akamtamkia maneno ya kukubali, akangoja.

"Ni... ni... ni..."

Sheikh akarudia. Safari hii hata "ni" haikutoka.

"Kijana hataki?" Mzee Yunusu akauliza.

"Anataka, mzee. Ndivyo alivyo," Matano akajibu.

"Mbona hatukuambiwa?"

Baba akanyoosha mguu, akaanza kukanyaga mkeka mbele ya wazee wote. Mtu mmoja akacheka. Mguu ulikwenda, mdomo haukwenda.

"Usijitese, mwanangu," sheikh akasema. "Mpe uwakili kaka yako."

Baba akatikisa kichwa kukataa. Wakangoja tena. Chai ilipoanza kupoa, akainamisha kichwa kukubali, na Matano akayasema yote kwa pumzi moja.

Nyuma ya pazia mama alimnong'oneza somo yake aliyemfunda, Mwanakhamisi: "Hiyo si sauti yake."

"Nyamaza. Bibi harusi hasemi."

Habari ilifika Iringa kabla yao. Bombani wanawake walimuuliza mama: "Shoga, umeolewa na Halfani au na mdomo wa Matano?" Baba akaihamisha cherehani chumbani, akashona huko, mlango umefungwa. Mama hakuwahi kumsikia akimwita kwa jina.

Alasiri moja, akirudi na ndoo, alisikia cherehani ikizunguka, na juu yake sauti: "Nimekubali kumuoa Mwantumu binti Yunusu." Mara tatu, bila kukwama popote. Akasukuma mlango. Mguu ukasimama.

"Sema tena, mume wangu," alimwambia. "Nami nisikie."

Baba akarudisha mguu. Cherehani ikazunguka, ikazunguka, sindano ikishuka na kupanda pasipo kitambaa, mpaka mama akaichukua ndoo yake na kutoka.