Nilimng'olesha Mjomba Mibuni Kabla ya Kibali

Kosa ni langu, na naomba nilitamke kabla sijaanza kujitetea, kwa kuwa kujitetea nakuweza sana. Hakuna aliyenidanganya. Kanuni niliisoma mwenyewe, nikaielewa, kisha nikairuka.

Ninasomea shahada ya uzamili ya nishati. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ana mashine ya kukoboa kahawa jirani na senta ya Nyaishozi. Mashine ile huunguruma miezi ya mavuno tu. Miezi mingine yote hukaa kimya. Katika ukimya huo ndimo nilimoiona tasnifu yangu.

Nilimweleza hivi: biashara inayozalisha umeme wake wa jua inaweza kuomba kufungiwa mita ya pande mbili. Umeme unaozidi unaingia kwenye laini ya taifa, uniti zake zinawekwa kwa jina lako, na msimu wa kukoboa ukifika unazitumia. Kwa mahitaji ya mashine peke yake, paneli za kuenea juu ya paa zingetosha. Lakini mimi nilitaka mfumo mkubwa, wa kurudisha umeme mwaka mzima. Paa halikutosha. Nafasi iliyobaki ilikuwa kibanja.

Kwa msomaji asiye wa huku: kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba, migomba na mibuni pamoja. Ndicho chakula, ndicho kahawa, ndicho heshima ya mwenye nyumba.

"Mibuni hii baba aliipanda mimi sijazaliwa," mjomba alisema. Panga lilikuwa mkononi, hajakata hata tawi. "Una hakika?"

"Mjomba, paneli haitaki kivuli hata cha jani moja."

"Sijauliza kivuli. Nimeuliza kama una hakika."

"Nina hakika."

Ee Mungu wangu! Nilijibu upesi namna ile, mimi ambaye huchukua wiki nzima kuamua mahali pa kuweka mkato katika sentensi! Mjomba akaanza kukata, mibuni na migomba pamoja.

Kanuni ilikuwa wazi. Kwanza unapeleka maombi kwa shirika la umeme. Wataalamu wanakuja kupima kama laini na transfoma vitaubeba umeme wako. Wakiridhika wanatoa kibali, na hapo ndipo unajenga. Hilo neno "kwanza" nililitafakari kwa siku nyingi, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo lilivyozidi kulegea. Nilijishawishi kwamba ni utaratibu wa makaratasi tu. Nani angekataa umeme safi wa bure? Tena nilihitaji takwimu za msimu mzima, na muda wa kuwasilisha tasnifu ulikuwa unanibana. Sababu hii ya mwisho sikumwambia mjomba. Naiandika hapa kwa mara ya kwanza.

Fundi alitoka Murongo, mpakani na Uganda, pamoja na vijana wake. Alizitazama nguzo za chuma, akanitazama mimi.

"Dada, kibali kimetoka?"

"Kipo njiani."

"Njia ipi hiyo? Maana mimi nimetoka mpakani mpaka hapa, sijapishana nacho."

Watu wote wakacheka. Mjomba alicheka kuliko wote, kwa sababu aliniamini. Nami nikacheka. Maombi yenyewe yalikuwa bado kwenye kompyuta yangu, hayajatumwa!

Niliyatuma paneli zilipokwisha kusimama, za paani na za kibanjani. Wapimaji walikuja, watu wapole, wakamwamkia mjomba, wakapima. Transfoma yetu ni ndogo na inahudumia senta nzima. Walichoweza kuruhusu kilikuwa kama kile ambacho paa peke yake lingebeba. Paneli zilizobaki zisiunganishwe mpaka laini itakapoongezewa uwezo.

"Itaongezewa lini?" niliuliza.

"Hilo siwezi kukuahidi, dada yangu."

Natamani wangetufokea! Ningepata mtu wa kumchukia.

Msimu ule wakulima walileta kahawa zao kama kawaida, na mashine ikakoboa kwa paneli za paani. Zile za kibanjani zilisimama chini ya jua siku nzima bila kazi yoyote, juu ya ardhi iliyokuwa ikitulisha.

Siku ya gulio nilimsindikiza mke wa mjomba. Nilidhani tunafuata chumvi na sabuni. Alisimama mbele ya mikungu ya ndizi. Katika nyumba zetu, mwenye kibanja hanunui ndizi! Muuzaji, jirani yake wa miaka mingi, alishtuka, kisha akatania ili kumwondolea aibu.

"Mama, leo umekuja kuzikagua zangu?"

"Nimekuja kununua."

"Wewe? Kibanja kimekimbilia Uganda?"

"Tumepanda vioo," mama yule alijibu, akatabasamu, akachagua mkungu mdogo. Njiani hakunilaumu. Alinibebesha mkungu, akaniuliza masomo yanaendeleaje.

Mjomba naye hajanilaumu hata leo. Angenilaumu, lingekuwa jambo la afadhali. Kila Jumapili akitoka kanisani hunipigia simu. Namwamkia, ananiitikia, kisha anauliza kwa utulivu ule ule: "Msomi wetu, tung'oe nguzo tupande migomba, au tusubiri laini?"

Nimeandaa majibu mawili, kila moja lina hoja zake, na yote mawili ni ya kubahatisha. Tukizing'oa, huenda kibali cha paneli zilizobaki kikaja mwezi unaofuata. Tukisubiri, huenda kisije kabisa. Najua kwamba nitakalosema ndilo atakalofanya, na hilo ndilo linalonitisha!

Ndugu msomaji, kama una elimu kidogo na una jamaa mwenye mashine ya kukoboa, kinu cha nafaka au duka la vinywaji baridi, nakusihi: karatasi itangulie, nguzo zifuate. Anza na kile ambacho paa linaweza kubeba. Na mzee wako akikuuliza kama una hakika, nawe huna, mwambie huna, hata kama tasnifu yako itachelewa mwaka mzima. Yangu nimeiwasilisha kwa wakati. Mjomba amenipongeza, kisha akauliza tena.