Siku Niliyopanda Paa

Usaili wa mabaharia ulifanyika Gitega, mji usio na hata dimbwi la kuogea bata. Mkufunzi, nahodha mstaafu wa meli za mizigo za Ziwa Tanganyika, alitueleza kwamba wenzake wamezeeka, na kwamba safari hii anataka vijana wa milimani, wasichana pia. Nilimpenda papo hapo.

Baba mdogo alinisindikiza kutoka Muyinga. Tangu turudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi, mimi na mama tuliishi kwenye kiwanja chake, kwa hiyo mlezi wangu alikuwa yeye, nitake nisitake. Alikaa kivulini na wazazi wengine, akipiga soga, mpaka mkufunzi alipoteremsha ngazi ya kamba kutoka paa la darasa. Kila mmoja wetu apande, asimame juu ya mabati, kisha ashuke.

Kwetu mwanamke kupanda paa ni mwiko. Wanasema huiletea nyumba msiba. Wasichana wawili waliokuwa mbele yangu walichukua mifuko yao wakaondoka bila kuaga. Baba mdogo alinifuata, akanisemesha kwa sauti ya chini ili wazazi wengine wasisikie.

"Kirazira, ni mwiko huo. Ukipanda, we na mama yako mtatafuta pa kukaa."

Niliogopa, tena sana, lakini mimi hasira zangu hutangulia. Nilivua viatu nikapanda. Mabati yaliniunguza nyayo, nikasimama hivyo hivyo mpaka mkufunzi aliponiita nishuke. Nafasi ya kozi ya ubaharia Bujumbura nikaipata.

Ndani ya basi baba mdogo alikaa kiti cha mbele yangu mpaka Muyinga. Nilikitazama kisogo chake tu, nikiwaza masufuria yetu na godoro letu, tutavipeleka wapi.

Tulimkuta mama uani akichambua maharage. Baba mdogo alimweleza yote akiwa amesimama, akamaliza kwa kututaka tuondoke kabla ya Jumapili. Mama hakuinua hata kichwa.

"Shemeji," alisema, "kule kambini, mume wangu amekwisha kufa, mvua ikichana turubai, nani alikuwa anapanda juu kulifunga?"

Mama alitupa kijiwe pembeni, akajijibu mwenyewe.

"Ni mi nilikuwa napanda. Na we ulikuwa unashika ngazi."

Baba mdogo alikaa kwenye benchi. Nilimletea maji, nikiwa sijui kama atayapokea mikononi mwangu. Aliyanywa yote, kisha akaniuliza kozi ya Bujumbura inaanza lini.