Fundi Chaji Anasubiri Majibu ya Damu Yake

Ni saa mbili asubuhi na fundi wa betri za magari, ambaye mtaa mzima unamwita Chaji, ananawa mikono kwa mara ya tatu. Anasugua kwa brashi ya kufulia, vidole mpaka viwiko, kisha anakagua kucha moja moja kama mtu anayechambua mchele.

"Fundi, unaingia chumba cha upasuaji?" anauliza dereva wa teksi aliyeleta betri iliyogoma.

"Ndiyo. Na mgonjwa mwenyewe ni hiyo betri yako," anajibu Chaji, na anacheka kabla ya mteja.

Leo hatulii. Anashika bisibisi, anaiweka, anatoa simu mfukoni, anairudisha. Zahanati imeahidi kumpigia asubuhi hii kumpa majibu ya damu. Yakiwa mazuri, binti yake anayeitwa Kidoti, kwa ajili ya alama ndogo shavuni, atarudi nyumbani leo. Yakiwa mabaya, atabaki kwa bibi yake, ng'ambo ya mji.

"Usiku sikulala," anasema. "Mama Kidoti kanifukuza kitandani, eti nageuka kama chapati."

Kazi hii alifundishwa na kaka yake. Walikuwa wakipasua betri zilizokufa, wanatoa mabamba ya madini ya risasi ndani, wanayayeyusha kwenye karai na kumimina vichwa vipya vya betri. Moshi ulipanda, vumbi la kijivu lilitua juu ya kila kitu, nao waliendelea kupiga soga.

Hawakuwa wajinga wa hatari. Walijua risasi ni sumu, na dawa yake waliijua pia, au ndivyo walivyodhani. Kila walipomaliza kuyeyusha, walikunywa maziwa. Kikombe kilikuwa kimoja, cha bati, cha Kaka, na kilining'inia kwenye msumari jirani na jiko.

"Mafundi wote wa betri tuliamini hivyo," anasema Chaji. "Maziwa yanaikamata risasi tumboni, unaitoa chooni, basi. Kaka alikuwa mkali. Ukikataa maziwa, hushiki karai."

Kaka alianza kwa tumbo kumkata. Baadaye spana ikawa inamponyoka mkononi, na majina ya wateja wa zamani yakawa yanampotea. Alinunua unga wa kijani kwa mchuuzi aliyepita na kipaza sauti akitangaza dawa ya kutoa sumu zote mwilini. Aliunywa kwa imani, asubuhi na jioni. Alifariki mwaka jana, na hakuna aliyewahi kupima damu yake.

"Siwezi kusema ni risasi iliyomuua," anasema Chaji, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake imetulia. "Sijui. Hilo la kutojua ndilo linaloniuma. Alikuwa mtu wa mizaha sana. Ukimkuta amenyamaza, ujue anakutafutia jina la utani. Hili la Chaji ni lake."

Miezi michache baada ya mazishi, Kidoti alianza kudhoofika. Alikuwa mzito wa kuamka, hataki kula, mwalimu wake akalalamika kwamba anasahau hata wimbo wa darasa. Zahanati waliwapima damu wote watatu. Risasi ilikuwemo katika damu ya kila mmoja, na ya Chaji ilikuwa juu kuliko zote. Vumbi lilikuwa likirudi naye nyumbani kwenye nguo, nywele na viatu.

Daktari alimwandikia Chaji kapsuli za kukamata risasi katika damu na kuitoa kwa mkojo. Alimkataza kugusa unga wa mchuuzi, kwa sababu hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Alimwambia pia aache kuyeyusha kabisa, na mtoto ahamishiwe kwa bibi yake mpaka risasi ya baba ishuke.

Kapsuli hizo zinanuka mayai yaliyooza. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, bado analo la kusema.

"Akifungua kopo, hata inzi wanaomba ruhusa watoke," anasema Mama Kidoti. "Nilimwambia, Baba Kidoti, mimi nilikuvumilia moshi, lakini hili nalo tutaelewana."

Chaji aliacha kuyeyusha. Akazimeza kapsuli kwa wakati, bila kuruka hata moja. Alipopimwa tena, risasi ilikuwa imepanda.

"Nikasema maabara wamechanganya damu yangu na ya mtu mwingine. Nikawaka kweli."

Muuguzi wa zahanati, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, hakubishana naye. Alimfuata karakana na kumwambia, "Haya baba, meza dawa kama unavyomeza siku zote. Mimi natazama tu."

Chaji alichukua kopo kwenye rafu juu ya jiko la zamani. Akatungua kikombe cha Kaka msumarini, akamimina maziwa, akameza. Muuguzi akaomba kikombe. Akachukua kipande cha pamba nyeupe na kukipitisha ukingoni, pale mdomo unapogusa.

Pamba ilitoka nyeusi.

"Dawa inatoa, wewe unarudisha," muuguzi alisema. "Unapiga deki huku bomba linavuja. Kikombe hiki ni cha nani?"

"Cha kaka yangu."

"Yuko wapi tumwambie?"

Chaji alikichukua kikombe mikononi mwa muuguzi. Muuguzi alielewa, akakaa naye juu ya betri mbovu. Chaji alikuwa akikishika kikombe kile kila siku ili ajisikie hajabaki peke yake kazini.

Tangu siku hiyo karakana ilibadilika. Jiko na karai viliondolewa, na rafu na sakafu zikapigwa maji, kwa maana ufagio huamsha vumbi. Kapsuli zilihamia nyumbani. Ovaroli halivuki mlango wa karakana. Betri zilizokufa anazipeleka kiwandani nzima nzima, na yeye anabaki na kupima, kuchaji na kuuza. Kipato kimepungua karibu nusu, hafichi hilo.

Na kikombe? Alikiosha, akakitoboa kitako kwa msumari ili asije mtu akakinywea, akakitundika juu ya bomba la kunawia. Kila anayenawa anakitazama.

"Niliogopa Kaka angesemaje," anasema.

"Angesema nawa, tena ukimaliza rudia," anadakia Mama Kidoti, ambaye ameacha cherehani yake na kuja kusubiri simu.

Simu inaita. Chaji anaitoa, inamponyoka, anaidaka magotini.

"Naam, Sista." Anasikiliza. "Imeshuka? Imeshuka kiasi gani?" Anamgeukia mkewe macho yamemtoka. "Rudia, Sista, naweka sauti kubwa, mwenzangu naye asikie kwa masikio yake."

"Imeshuka vizuri sana, baba," inasema sauti ya muuguzi. "Bado tutakupima mara kwa mara, usijisahau. Lakini mtoto mrudisheni."

Mama Kidoti anaketi chini palepale, kanga usoni. Dereva wa teksi, aliyesahau betri yake muda mrefu, anampiga Chaji makofi ya mgongoni, kisha anasema, "Panda mama, tumfuate huyo mtoto. Betri nitaazima hapahapa."

Wakati wakisubiriwa, Chaji anaeleza mpango wake. Anataka kuwaita mafundi wa betri wa mtaa huu, kila mmoja na kikombe chake, na pamba nyeupe mezani. Hatawahutubia. Atawaomba wafute ukingo tu.

Mlango wa teksi unafunguka kabla gari halijasimama sawasawa. Kidoti anakuja mbio, mikono imetanuliwa.

"Simama hapo," Chaji anasema, mikono yake juu. "Ngoja mwanangu, ninawe kwanza."

Anasugua. Kikombe kilichotobolewa kinayumba juu ya kichwa chake.

"Baba, bado?"

"Bado kidogo."

Kidoti anavumilia mpaka anashindwa, kisha anamnyang'anya brashi na kuanza kumsugua mwenyewe.