Nani Alikuwa Akiendesha Gari Langu Saa Nne Asubuhi

Mwezi wa nne gari langu lilitoka nyumbani mara kumi na moja bila mimi.

Sijakosea kuandika. Mara kumi na moja. Linatoka saa nne kasoro, linarudi kabla ya saa tano, linaegeshwa palepale chini ya dirisha. Na mimi muda wote huo nipo sebuleni, nimelala kwenye kochi, mdomo wazi.

Wanaonijua watasema mzee kaanza tena. Siwalaumu. Miaka thelathini na moja nimeendesha lori la saruji lisilo na redio, na humo ndani uongo ndio uliokuwa redio yetu. Lakini hii ya leo sijaitia chumvi. Imekuja na chumvi yake.

Nilipofikisha miaka sitini na saba, bima ya gari ilipanda. Haikupanda kidogo, ilipanda kama ina ugomvi na mimi. Nikamwendea wakala, kijana mmoja mwenye tai fupi na maneno marefu.

"Mzee wangu, ni umri," akasema. "Na mwaka jana uligonga nguzo ya geti."

"Geti langu mwenyewe."

"Kompyuta haijui geti ni la nani."

Akanipa njia ya kujiokoa. Kuna kisanduku kidogo kinafungwa chini ya usukani, na kamera ndogo kama jicho la panya inabandikwa kwenye kioo cha mbele, ikitazama ndani. Kisanduku kinapima mwendo wako, unavyokata kona, unavyofunga breki. Ukiendesha kistaarabu, alama zinapanda na bima inashuka.

"Na hiyo kamera itanitazama hata nikijikuna?"

"Video hazitazamwi, mzee. Zinakaa tu ofisini mpaka itokee ajali."

Akanisogezea fomu. Swali la tisa liliuliza: Je, unatumia dawa yoyote inayoweza kuleta usingizi au kuchanganya akili?

Hapo inabidi niwaeleze kuhusu mgongo wangu.

Pingili mbili za chini zimesagika. Nikiinama kuvaa soksi, naona nyota mchana. Daktari wa hospitali kubwa aliniandikia vidonge vya maumivu, viko kwenye boksi la bluu. Vikasaidia, ila havikumaliza. Nikaenda zahanati ya karibu na nyumbani. Sikuwaambia kama nina vingine, maana ukisema hivyo wanakurudisha ulikotoka. Wakanipa vidonge vyeupe kwenye bahasha ya karatasi, jina jingine kabisa.

Nikawa nameza vyote. Cha boksi kwa ajili ya mgongo, cheupe kwa ajili ya kumsaidia mwenzake. Nilijiona nina akili sana.

"Ukiweka ndiyo, bei inapanda tena," wakala akasema huku akitazama dirishani, kama vile anaongea na mtu wa nje.

Nikaweka hapana.

Msinihukumu haraka. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, anafanya kazi kiwandani na huondoka alfajiri. Ana msichana wa miaka sita, mwenye maswali kuliko askari wa barabarani. Huyo mjukuu ni mimi ninayempeleka shule saa moja asubuhi na kumrudisha saa tisa. Bila gari hakuna shule, na bila shule mama yake hana kazi. Kwa hiyo nilihitaji ile bima.

Na nilikuwa mwangalifu, au nilidhani hivyo. Simezi kitu kabla ya kumfikisha mtoto. Nikirudi ndipo nameza, najilaza mpaka adhuhuri, naamka niko sawa.

Mwisho wa mwezi wa nne wakala akanipigia simu.

"Mzee, hongera. Umepata alama themanini na nane. Asubuhi na alasiri unaendesha kama unadaiwa, lakini ile ya saa nne, mzee wangu, unaendesha kama umebeba mayai."

"Saa nne ipi?"

"Saa nne asubuhi. Safari zako kumi na moja."

Nikamwomba anitumie ramani.

Ikaja. Mstari mwekundu ulitoka nyumbani, ukapita sokoni, ukavuka njia panda, ukasimama nyuma ya hospitali kubwa, mbele ya geti la idara ya kufulia. Dakika kumi na nne. Kisha ukarudi.

Nikaikuza ramani kwa vidole viwili, nihakikishe.

Geti lile limechomelewa tangu idara ihamishwe. Halifunguki. Lakini nalijua kuliko ninavyojua mlango wangu. Mke wangu alifua mashuka ya hospitali ile miaka kumi na tisa, zamu ya usiku, na zamu ilikuwa ikiisha saa nne asubuhi. Alikuwa akitokea pale, vidole vimejikunyata kwa maji ya moto, na siku nikiwa sina lori nilikuwa nakwenda kumchukua, mara nyingi nikichelewa.

Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita.

Kuna jambo sijawahi kulisema. Aliniomba nimfundishe kuendesha, na hakuomba mara moja. Kila akiomba namjibu, "Mama, wewe ukiona mbuzi barabarani utafumba macho." Tunacheka. Yaani, mimi ndiye nilikuwa nacheka.

Sasa niambie, wewe ungefikiri nini?

Mimi nilifikiri amejifunza.

Mtu mwenye akili timamu angemwita binti yake siku ileile. Mimi nikapiga hesabu. Mwezi mmoja tu wa marehemu na bima imeanza kushuka. Akiendelea hivi mpaka mwisho wa mwaka, tutapumua. Nikala jiwe, sikumwambia mtu.

Tena nikamrahisishia. Ufunguo nikawa nauacha mezani, hapo hapo karibu na kochi. Kiti cha dereva nikakivuta mbele, maana alikuwa mfupi. Nikiamka adhuhuri nakuta kiti kimerudishwa nyuma.

Nikasema, labda kule waliko wanarefuka.

Nilikuwa natoka nje na kuweka kiganja kwenye boneti, kama mtu anayempima mtoto homa. Ina joto. "Umefika salama?" nauliza. Halafu natazama huku na huku kama jirani kanisikia.

Siku moja nikajibana nisilale, nimwone hata kivuli. Nakumbuka saa ya ukutani ikionyesha saa tatu na nusu. Kinachofuata nakumbuka adhuhuri, niko palepale kwenye kochi.

Ila miguuni nina viatu. Na viatu nilikuwa nimevivua.

Hilo lilinikaa kifuani siku tatu. Siku ya nne ikaja ripoti ya mwezi wa tano, alama tisini na moja, nami nikajikausha.

Mwezi wa sita, Jumanne moja, mjukuu akaamka na kikohozi.

"Baba, leo abaki nyumbani," binti yangu akasema akiwa mlangoni. "Na msitoke nje, kuna upepo."

"Tutoke twende wapi?"

Akaondoka. Nikamwashia mtoto katuni. Nikameza vidonge vyangu, vyote viwili. Nikajiambia najinyoosha dakika tano tu.

Nilipoamka, mtoto alikuwa amekaa kwenye zulia na koti lake. Amenuna.

"Babu, mbona hukutaka kuongea na mimi?"

"Lini?"

"Kwenye gari. Nilikufuata nikaingia, nimekuita na kukuita, hugeuki."

Nikaketi wima. "Kwani nani alikuwa anaendesha?"

Akanitazama kama anayetegewa swali la mtego.

"Wewe. Lakini ulikuwa yule babu mwingine."

"Babu mwingine yupi?"

"Anafanana na wewe, ila hapepesi macho." Akakohoa kidogo. "Na lile lori likapiga honi sana, babu. Mimi nikajiziba uso."

Sikumuuliza zaidi. Nilimwomba mama wa nyumba ya jirani akae naye, nikaenda kwa wakala kwa miguu. Ufunguo niliuacha. Nilikuwa nauogopa, ule ufunguo, kama unavyoogopa mbwa uliyemfuga mwenyewe akikugeuka.

"Nionyeshe video ya leo," nikamwambia.

"Mzee, nilikwambia, video ni za ajali."

"Basi hesabu kwamba mimi ndiye ajali."

Aliniangalia usoni, akaacha ubishi. Akafungua kompyuta.

Mlango wa gari unafunguliwa. Anaingia mtu. Ana shati langu, ana kovu langu la kidevuni. Macho yako wazi, lakini ndani yake hamna mtu, kama nyumba iliyohamwa taa zikiwaka.

Ni mimi.

Miezi yote ile namkaribisha mzimu, namvutia kiti, namwachia ufunguo, kumbe mzimu wenyewe ni mimi.

Kabla ya kuwasha, yule mtu akainama upande wa abiria. Akavuta mkanda, akaupitisha juu ya kiti kitupu, akaufunga. Akaupapasa taratibu kuhakikisha haujambana aliyekaa pale.

Hapakuwa na aliyekaa pale.

Nyuma yake, katikati ya viti, mjukuu wangu amesimama. Yeye hakufungwa mkanda.

Gari likaondoka polepole. Pale njia panda, taa za barabarani hazionekani kwenye video, lakini unaona pua ya lori ikijaza dirisha lote la upande. Mtoto anajiziba uso. Yule mtu hageuki. Hafungi breki. Anapita tu kwa mwendo wake uleule laini, na lori linakosa mlango wa nyuma kwa kiasi cha kiganja.

Hakufunga breki, na ndiyo maana kisanduku kikampa alama. Kisanduku hakijui lori lilikuwa wapi.

Kwenye geti akazima gari. Akatazama saa ya mkononi. Midomo ikacheza, wakala akaongeza sauti.

"Leo sijachelewa, mama," akasema yule mtu. Kwa sauti yangu.

Kisha dakika kumi na nne za kimya, na kikohozi cha mtoto kikisikika nyuma.

Wakala akafunga kompyuta. Alikuwa amelowa jasho, lakini mdomo wa biashara haulowi.

"Mzee wangu, mimi sijaona kitu," akanong'ona. "Hakuna aliyeumia. Safari ya leo ina alama tisini na sita. Mwakani utalipa nusu. Hizi video zinajifuta zenyewe baada ya siku sitini."

Nikisema sikulifikiria hilo nitakuwa nawadanganya. Nililifikiria, kwa urefu wa pumzi mbili.

"Nipe ile fomu. Swali la tisa."

"Ukibadilisha sasa wanaweza kukunyima bima kabisa."

"Waninyime."

Kutoka pale nikaenda duka la dawa. Mfamasia, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akaweka boksi langu la bluu na bahasha yangu kaunta, bega kwa bega. Akaweka kidole kwenye maandishi madogo, chini ya lile jina kubwa.

"Soma hapa. Sasa soma na hapa."

Nikasoma. Neno lilelile.

"Hii ni dawa moja, mzee. Viwanda viwili tu. Umekuwa ukimeza dozi mara mbili, na hata dozi moja hii hairuhusu usukani."

"Mbona rangi ni tofauti?"

"Na wewe ukibadilisha shati unakuwa mtu mwingine?"

Hakujua alichoniuliza.

"Na usiache ghafla," akaongeza. "Nenda kesho kwa daktari, mpelekee vyote viwili, akupunguzie taratibu. Na usimfiche kitu."

Jioni binti yangu akarudi. Nilimkuta jikoni anaosha kikombe cha mtoto. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, bila redio.

"Alikuwa nyuma?"

"Alikuwa nyuma."

"Bila mkanda?"

"Bila mkanda."

Maji yakaendelea kutiririka. Hakuyafunga.

"Tangu lini unajua kwamba gari linatoka?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa kuliko yote.

"Mwezi wa nne."

"Na ukanyamaza."

"Nilidhani ni mama yako."

Akavuta kiti, akakaa. Kikombe bado kiko mkononi.

"Haya, baba. Tuseme angekuwa mama. Ungemwachia gari, na mwanangu ndani? Mama hana hata leseni."

Kicheko kikamtoka, nami kikanitoka, kibaya, cha kuumiza mbavu. Halafu chake kikageuka kilio. Nikanyoosha mkono, akausukuma pembeni. Alikuwa na haki.

Ufunguo akauchukua usiku huo. Kampuni ikaninyima bima wiki iliyofuata, kwa barua fupi yenye adabu. Binti yangu akaliandikisha gari kwa jina lake, akaomba zamu fupi ya mchana ili ampeleke mtoto shule mwenyewe, akakatwa malipo, na mpaka leo analeta hilo katika kila mazungumzo yanayohusu bei ya sukari. Mgongo umerudi kuuma, nusu ya ulivyokuwa. Nimeukubali.

Jumamosi moja, bila kuambiwa, binti yangu alinipakia akanipeleka kwenye lile geti. Saa nne. Akazima gari, tukatazama chuma kilichochomelewa, kutu imeshuka kwenye maungio.

"Umeridhika?" akauliza baada ya muda.

"Bado kidogo."

Hakuwasha gari. Akalaza kiti chake nyuma, akasubiri na mimi mpaka niliposema twende.

Wewe unayesoma hii na mfuko wa vidonge uko droo ya kitandani, vitoe vyote uvipange mezani, usome yale maandishi madogo. Na ukiulizwa kwenye fomu, jibu kweli, hata kama ukweli una bei. Dawa ikikuondolea maumivu, muulize mfamasia inaondoka na nini kingine.

Yangu ilikaribia kuondoka na mjukuu.