Simu ya Marehemu Haikuzimwa

Simu ya mkwe wangu, mume wa binti yangu, iliendelea kulia hata baada ya yeye kuzikwa. Mama yake ndiye aliyekuwa nayo. Aliiweka chini ya mto, akaipeleka kuchajiwa kwa jirani mwenye sola kila stima ilipopotea, na kila ilipolia aliipokea. Watu wengi walikuwa hawajapata habari. Mkwe wangu alikuwa afisa wa mifugo, na wafugaji wa upande wa Rhamu walikuwa bado wanampigia kumuuliza dawa ya ngamia anayekohoa. Mama mtu aliwaambia mmoja mmoja kwamba gari lilipinduka akirudi kutoka Habaswein na kwamba Mwenyezi Mungu amemchukua. Wakilia, alilia nao. Wakimaliza, aliirudisha simu chini ya mto.

Mimi nilikuwa nimehamia nyumba ile ya mtaa wa Galbet, hapa Garissa, kukaa na binti yangu katika eda yake. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajitii manukato, hapaki hina. Sisi Wasomali humvisha nyeupe, kichwani mpaka miguuni, ili kila anayemwona ajue. Wageni wa pole walijaa uani kutwa. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya babu zao, maana hivyo ndivyo tulivyofundishwa kumjua mtu. Lakini hapa sitaandika hata moja. Jambo hili bado linaishi ndani ya nyumba.

Binti yangu hakulia. Siku ya mazishi wanawake walimsifu kwa subira, wakasema huyu ndiye mwanamke. Mimi niliyemzaa nikaona ile si subira. Ukimwekea kikombe mkononi alikunywa. Usipomwekea hakukumbuka kwamba watu hunywa. Watoto wake wawili, wasichana wadogo, walimpandia mapajani kama wanavyopanda gogo, wakimwita, halafu wakachoka wakaenda kwa bibi yao mwingine. Tulimsomea Kurani, tukamnywesha maji yaliyosomewa. Alitulia zaidi, ndiyo, lakini ule utulivu ulinitisha.

Ni mfanyakazi mwenza wa marehemu aliyetuambia kwamba bima ya kazi yake bado inaifunika familia mpaka mwaka wa bima uishe, na kwamba ndani ya bima hiyo kuna matibabu ya kuongea. Sikuwahi kusikia matibabu ya namna hiyo. Nilidhani anatutania, ila mtu hatanii nyumba ya matanga. Akatuelekeza kwenye kliniki moja ya mjini, na kule wakasema kwa sababu ya eda mshauri anaweza kuja nyumbani.

Akaja mwanamke wa makamo, mtu wa kule bara, sketi yake inafagia chini na kilemba amekifunga vibaya kinamwanguka kila akiinama. Mama wa marehemu alimpokea kama alivyopokea wengine wote: mkeka, chai ya maziwa, tende. Alimshukuru kwa kuja kutoa pole. Yule mwanamke akasema pole, kwa sababu pole ilikuwepo ya kusemwa. Kisha akaingia chumbani kwa binti yangu na mimi nikaenda jikoni kupuliza makaa.

Siku ya kwanza sikusikia kitu. Ya pili pia. Siku ya tatu nikasikia sauti ya mwanangu. Ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Alikuwa akiongea Kiswahili. Sikusikia maneno na wala sikusogea kuyatafuta. Niliona tu kwamba kuna mambo ambayo hakuweza kuniambia mimi kwa lugha niliyomlelea, na alikuwa akimwambia mgeni kwa lugha ya shule. Roho iliniuma kidogo. Halafu nikamshukuru Mungu.

Tangu hapo akawa na siku zake za kungoja. Siku ambayo mshauri anakuja, alasiri, alikuwa akiuvuta mkeka hadi karibu na mlango wa chumba akakaa hapo, uso nje. Kikombe alikichukua mwenyewe. Siku moja alimwambia mtoto mdogo afunge kiatu, na mimi nikageuza uso ukutani ili wasinione.

Akimaliza, yule mwanamke hakuondoka mara moja. Alikaa kwenye kizingiti akaandika: saa aliyofika, saa aliyomaliza, mahali, ugonjwa gani, amefanya nini, atafanya nini safari ijayo. Karatasi hizo zilienda kliniki, kliniki ikapeleka kwa bima, bima ndiyo ikalipa. Nikamuuliza kwa nini aandike sana namna hiyo na kazi yenyewe ni kuongea tu.

"Mama, nisipoandika ni kama sikuja," akasema.

"Na anayokuambia, unayaandika?"

"Naandika kwamba ameongea. Aliyosema nayaacha humu ndani."

Nilimpenda kwa jibu lile. Nikamfunga kilemba chake upya, nikamwonyesha namna ya kukikaza nyuma.

Basi asubuhi moja simu ya marehemu ikalia. Nilikuwa hapo hapo nachambua mchele. Namba ile ndiyo iliyokuwa kwenye kadi ya bima, maana kadi ilikuwa ya marehemu, lakini hilo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Mama wa marehemu akaipokea kama kawaida, amejiandaa kulia na mtu. Nikasikia upande wake tu.

"Hapana," akasema. "Hapana, mwanangu. Hapa hakuna mgonjwa wa akili. Hapa kuna msiba. Watu wanakuja kutupa pole." Akasikiliza. "Huyo mama naye alikuja kutupa pole. Mungu amlipe." Kisha akamwombea dua kijana wa upande wa pili, yeye na wazazi wake, akamuuliza ni mtoto wa nani. Simu ikakatwa.

"Vijana wa Nairobi," akaniambia, "hawajui hata kuaga."

Alasiri iliyofuata ya kungoja, binti yangu alivuta mkeka wake. Kivuli cha ukuta kikatambaa uani, kikafika kwenye pipa la maji, kikalipita. Adhana ya magharibi ikasomwa. Akaniuliza, "Hooyo, leo haji?" Nikasema labda amepata dharura. Akaukunja mkeka mwenyewe, akaurudisha ndani, akalala kifudifudi.

Nikaenda kliniki. Kijana wa mapokezi akaniuliza majina matatu ya mgonjwa, nikampa, na kwa mazoea nikaendelea na la babu wa babu, akainua mkono akacheka, akasema, "Inatosha, ayeeyo, bibi yangu, mashine haina nafasi ya ukoo mzima." Alitafuta, kicheko kikamtoka usoni. Akamwita mshauri.

Mshauri alinipeleka kando, karibu na ukuta wa nyuma ambapo ndege makorongo walikuwa wamesimama juu ya takataka kama watu wanaongoja kuitwa. Akanieleza. Bima hupiga simu kwa baadhi ya familia kuhakikisha kwamba matibabu ya nyumbani ni ya kweli. Walipiga kwetu. Wakajibiwa hakuna mgonjwa, kuna wageni wa pole. Sasa safari zake zote zimerudishwa bila kulipwa, na yeye ametakiwa kueleza ni kwa nini anadai kutibu mtu ambaye nyumba yake yenyewe inasema hayupo. Kliniki imemkataza kwenda majumbani. Mgonjwa akitaka kuendelea, aje mwenyewe, aweke kidole kwenye mashine ndogo ya mapokezi akiingia, aweke tena akitoka.

"Yuko edani," nikasema.

"Najua, mama."

"Basi weka kidole changu. Niandike mimi ndiye mwendawazimu. Mimi ni kizee, nani ataniposa?"

Alicheka, na macho yake yakajaa maji. "Nikikuandika wewe, yeye hatakuwa ameandikwa popote," akasema. "Na mimi kazi hii sitaifanya tena."

Nilirudi nyumbani kwa miguu kupitia barabara ya soko la mifugo, jua limewaka, nikipanga maneno. Nikamwambia mama wa marehemu yote, nikamwomba awapigie watu wa bima awaambie kweli. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeombwa avue nguo sokoni.

"Abaayo, dada yangu, nilisema uongo gani?" akaniuliza. "Kwani hakuna msiba? Wewe unataka nimwambie mtu nisiyemjua baba yake kwamba mke wa mwanangu ana wazimu. Ana wasichana wawili. Watakua. Watu watauliza mama yao alikuwa nani. Nani atawaoa?"

Ningekuwa mimi ningesema vile vile. Nimewahi kukataa mposaji kwa neno dogo kuliko hilo. Kwetu mwenye wazimu haugui peke yake. Wanaugua wote wanaotajwa pamoja naye, mpaka kwa wajukuu.

Nikaenda kwa sheikh wa msikiti wa mtaani. Akasema ugonjwa ni dharura, mwanamke wa eda anaruhusiwa kutoka kwa matibabu, atoke mchana, asijipambe, arudi kabla jua halijazama. Nikamletea mama wa marehemu maneno hayo. Alisema sheria anaijua, hakuna haja ya kusomewa. "Ila ile nyeupe," akasema, "itaonekana kuanzia hapa hadi darajani." Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na huko ndani nikamsikia akipokea simu ya mtu mwingine ambaye hakuwa amepata habari.

Nilimuuliza binti yangu kama atakwenda. Akauliza, "Ni yeye atakayekuwepo?" Nikasema ni yeye. Akainuka, akavaa.

Tulichukua tuktuk yenye pazia, lakini upepo wa Garissa hauna adabu, uliliinua pazia kila tulipopunguza mwendo. Kwenye kona ya wauza maziwa walikuwapo wenzangu niliouza nao kwa miaka mingi. Mmoja aliinua mikono akatuombea dua. Mwingine aliinama kama anatafuta kitu chini ya meza. Namjua, na najua jina la mama yake. Binti yangu aliona yote mawili. Akaivuta shuka yake nyeupe mpaka ikabaki nafasi ya jicho moja.

Kliniki, mashine ikamkataa kidole mara ya kwanza. Kijana akampa kitambaa, akapangusa, ikakubali, ikawasha taa ya kijani. Watu waliokuwa kwenye mabenchi walitazama. Wawili kati yao walikuwa wa ukoo wa marehemu.

Chumba cha mshauri kilikuwa na viti viwili vinavyotazamana, feni, na mlango wenye kioo. Mimi nikakaa nje kwenye benchi. Kupitia kile kioo niliona nyeupe ya mwanangu, na mgongo wa mshauri ulioinama mbele, kilemba chake kimefungwa vizuri kama nilivyomfundisha. Nikangoja kuona mkono ukiinuka au kichwa kikitikisika. Ile nyeupe haikusogea. Wagonjwa walipita wakiingia na kutoka vyumba vingine, na kila aliyepita alitupa jicho kiooni, si kwa ubaya, ni vile kioo kipo. Saa yao ikaisha. Akatoka, akaweka kidole tena, taa ya kijani ikawaka.

Mshauri alinisindikiza hadi mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba leo hakusema kitu.

"Na utaandika nini?"

"Kwamba amekuja," akasema.

Tulikuwa hatujamaliza kunawa miguu nyumbani, mama wa marehemu akatoka na simu mkononi, ameishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto. "Kuna ujumbe umeingia kwa mwanangu," akasema. "Nisomee."

Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la gumbaru, na nasoma polepole kwa kidole. Nikasoma. Ulimpongeza marehemu kwa jina lake kamili, ukasema kwamba mtegemezi wake amepokea huduma leo, na malipo yamekubaliwa.

"Maana yake nini?"

"Wanasema ametibiwa."

Akatazama chumbani. Binti yangu alikuwa ameshalala, uso kwenye ukuta, vumbi jekundu la barabarani limeshika pindo la nguo yake nyeupe.

"Na ametibiwa?" akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua.

"Wanasema hivyo," nikamjibu.

Tulikwenda tena, na tena. Mshauri alijaribu kila njia, aligeuza viti, alitundika kanga kwenye kioo, wakubwa wake wakaiondoa. Kila tuliporudi ujumbe uliingia kwenye simu ya marehemu na mimi niliusoma, mpaka mama mtu akaacha kuuliza maana yake. Eda ikaisha, nyeupe ikavuliwa, mwaka wa bima nao ukaisha. Mshauri akapata kazi mji mwingine. Alikuja kuaga siku ambayo binti yangu alikuwa amelala, nasi hatukumwamsha, na sijui kama tulifanya vyema.

Sasa binti yangu anaishi kwangu na wasichana wake. Anapika, anaswali, anawasuka nywele. Ukimuuliza, anajibu. Ila siku moja moja, alasiri, huuvuta mkeka hadi karibu na mlango akakaa, uso nje. Nikimwona hivyo huchukua mjukuu mkubwa mkono mmoja na mdogo mkono mwingine, tukaingia jikoni kama siku zile mshauri alipokuwa akija, na mimi nikapuliza makaa ambayo tayari yanawaka.