Muhuri Niliokataa Kuupiga

Mwaka ule mvua ilinyesha hadi barabara ya kusini ikakatika, na mbu wakajaa Garissa kuliko nilivyowahi kuwaona. Nilikuwa mkaguzi wa nyama katika machinjio moja pembeni mwa mji. Wanawake katika kazi hiyo tulikuwa wachache, lakini wachinjaji walikuwa wameshanizoea. Nikisema mzoga huu hauliwi, walinung'unika kidogo, kisha wakauburura hadi shimoni.

Habari zikaanza kutoka upande wa Ijara, mbali kusini. Wafugaji walisema mbuzi na ngamia wanatupa mimba, kundi zima kwa pamoja. Baada ya mafuriko, jambo hilo huwatia hofu watu wa kazi yetu, maana huenda ni homa ya Bonde la Ufa, na mchinjaji aweza kuipata kwa damu iliyomrukia tu. Barabara ilipopitika tena, asubuhi moja lori likashusha ngamia kutoka huko huko. Wa kwanza alipopasuliwa, nilikuta maini yamelegea na kujaa madoa. Nikasimamisha kazi, nikachukua sampuli ya kupeleka Nairobi, nikaagiza mzoga uzikwe na ngamia waliobaki wazuiliwe.

Mwenye ngamia hakubishana nami. Alitoka nje akapiga simu. Muda si mrefu mkuu wa idara yetu akanipigia, akaniuliza kama najua ngamia wale ni wa nani. Nilijua. Akasema kuna wageni wanaosubiri nyama, nipige muhuri mambo yaishe. Nilimjibu kwamba siwezi, vipimo bado. Akakata simu.

Kabla wiki haijaisha nilifutwa kazi. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyeniuliza. Askari wa getini, ambaye tulisalimiana kila siku, aliniambia huku akitazama chini kwamba ameamriwa asinifungulie. Barua ilikuja baadaye, ikisema nimekosa nidhamu.

Kisha majibu yakarudi kutoka maabara. Ngamia yule hakuwa na homa ile. Alikuwa na ugonjwa mwingine wa maini, na wenzake walikuwa wazima. Mji mzima ukajua. Nilipopita sokoni, wanawake wauza maziwa walinyamaza, na nilianza kununua vitu vyangu mapema, kabla watu hawajajaa. Mimi mwenyewe sikulala vizuri. Nilijiuliza kama kweli nilimtia mtu hasara bure.

Wakili niliyempata alikuwa msichana mdogo kwangu, mgeni wa mji, ofisi yake juu ya duka la vitambaa. Nilimweleza yote, hata la maabara, nikitarajia ataniambia niende nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa na sababu ya kushuku siku ile?" akauliza.

"Nilikuwa nayo."

"Basi ulifanya kazi yako. Na hata kama ungekosea, walipaswa kukuita wakusikie kwanza. Katiba haisemi mtumishi wa umma asifutwe. Inasema asifutwe bila utaratibu wa sheria, wala asiandamwe kwa kutimiza wajibu wake."

Nilimwambia afungue kesi, nikashuka ngazi zile nikiwa nimepata nguvu, lakini nguvu hizo hazikufika mbali. Kesi ilipofunguliwa, jioni moja mjomba wangu alikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Waberi. Abti, kama tunavyoitana mjomba na mpwa, ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na ndiye aliyenipeleka chuo watu walipomwambia mifugo si somo la msichana. Mwenye ngamia alikuwa amemwoa binti ya mjomba huyu. Alikaa mkekani, mama akamletea chai, na akaeleza kwamba wazee wameshakaa. Walitaka maslaha, tupatane wenyewe kwa wenyewe. Niseme mbele yao kwamba nilikosea, niondoe kesi, nami nitarudishwa kazini.

"Abti," nikasema, "nikisema nilikosea, kesho mkaguzi mwingine atathubutu kuzuia nyama?"

"Mkaguzi mwingine si mtoto wangu," akajibu polepole. "Wewe ni mtoto wangu. Na yule ni mume wa mtoto wangu. Unataka nikae upande gani mahakamani?"

Mama akainua birika amwongeze chai. Mjomba aliondoka bila kumaliza kikombe chake.

Sikuiondoa kesi. Ilichukua muda mrefu, na iliahirishwa mara nyingi hadi nikazoea viti vya mahakama. Siku ya kusikilizwa, jaji alimwuliza wakili wa waajiri ni lini niliitwa kujitetea. Wakili yule akapekua karatasi zake. Akasema hilo halimo. Jaji akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama kuna lolote linaloonyesha nilisikilizwa. Halikuwepo. Hukumu ilipotolewa, jaji alisema sheria haikutaka niwe na hakika ya ugonjwa. Ilitaka nichukue tahadhari, nami nilichukua. Akaamuru nirudishwe.

Nilirudi. Askari alinifungulia geti. Lakini mezani kwangu alikuwa amekaa mtu mwingine, na baada ya siku chache nikaelezwa kwamba nahamishiwa Ijara. Wakili aliniambia tunaweza kulipinga hilo pia. Nilimwambia nimechoka, na nilikuwa nimechoka kweli.

Siku niliyofunga virago, mama alipigiwa simu na Abti. Binti yake mwingine, mdogo wa mke wa mwenye ngamia, alikuwa anaolewa Ijumaa. Mama alialikwa. Mimi sikutajwa. Alikaa na simu mkononi, akaniuliza aende au asiende. Nilimwambia aende, ni kaka yake. Ijumaa alikwenda. Nami nikapanda gari la Ijara, na njia nzima sikuweza kujua kama nimeshinda.