Udi wa Mama na Pua Zetu Mbili

Pua ya mama yangu imekufa. Ipo pale pale usoni, lakini tangu yale mafua mabaya hainusi kitu: si karafuu zilizoanikwa uani, si samaki aliyeoza. Na ndiye yeye aliyekuwa akipika udi unaoulizwa Mtambile nzima kila kukiwa na harusi. Kipimo hakuwa nacho. Sukari, miski, marashi, vyote alitia kwa kunusa tu, basi.

Sasa mjukuu wake, binti wa dada yangu, anaolewa, na mama ameapa kuwa bibi harusi hafukizwi udi wa dukani. "Upikeni nyie wawili," akasema, "nipate kujua nimewaachia kitu."

Tatizo ni kuwa mie na dada hatunusi namna moja. Mie kila harufu naichambua: hii miski, hii zafarani, hapa mawaridi yamezidi. Hata pilau nikila naanza kutaja viungo, mume wangu anacheka. Dada hachambui chochote. Anavuta pumzi moja, anasema "ndio" au "sio," na ukimuuliza kwa nini, anakasirika. Tuligombana jikoni mpaka kila mmoja akapika chungu chake, na kila mmoja akaapa wa kwake ndio wa mama.

Ndani ya kopo kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha udi aliopika mama mwenyewe. Nikasema tukichome, tukinuse vizuri, kisha tufungane macho kwa kanga tunuse na udi wetu, aumbuke wa kuumbuka.

Nikaanza mie. Nikachambua weee, mpaka nikaridhika. "Huu ndio wa mama!" Dada akaguna. Nilikuwa nimechagua wa kwake.

Nikamfunga yeye, nimekasirika hasa. Akavuta pumzi yake moja. "Huu, wala usinichoshe." Ulikuwa wa kwangu.

Lo! Hapo akili ikaniruka. Kama pua yangu ni kweli, basi dada ndiye aliyepata. Kama ya dada ni kweli, nimepata mie. Au tumekosa sote? Na kama tumekosa sote, mbona kila mmoja ana yakini? Tukataka kurudia kipande cha mama, kumbe kwenye chetezo yamebaki majivu matupu. Nilitamani kulia, wallahi.

Mama akaita kutoka chumbani. "Enhe, upi wangu?"

"Wa dada," nikasema.

"Wa mdogo wangu," dada akasema, papo hapo.

Mama akajibu kutoka kule kule chumbani. "Haya, arusi itapita, wageni hawajui. Lakini nyie ndio wanangu, na pua mnazo. Siku yangu ikifika, sanda yangu mtaifukiza udi gani?"

Dada akatazama chungu changu. Mie nikatazama chake.